Ulisema Tulaze Boriti

Ndugu yangu Athman,

Siku hizi wanalaza boriti. Kila winchi inaposogezwa hapa gatini, watu wanne wanazipanga chini ya miguu yake, safu mbili, kabla hata kamba haijafungwa. Wameanza baada ya kukuzika.

Unakumbuka nilivyofika kutoka Machakos, samaki mwenye miba ananishinda? Ulinichambulia mwenyewe ukicheka: "Bwana Mutua, wewe wainua mawe ya zege, mwiba wakutisha?"

Asubuhi yako ya mwisho ulipiga kisigino penye mguu wa kushoto wa winchi, maji yakatoka. Ukaja kwenye kiti changu cha kuendeshea winchi. "Nti hii ni tope, Mutua. Tulaze boriti kwanza." Nilijua unasema kweli. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini maji yalikuwa yakipwa, na msimamizi alihofia tishari, chombo kilichobeba mawe, litakwama. Akapiga kelele, "Inua!" Na mimi… nikainua.

Jiwe likiwa juu, ulinyoosha mkono. Simama. Niliuona, Athman. Niliuona kama ninavyoiona karatasi hii. Msimamizi akapaza sauti tena, nami nikaendelea kuvuta. Mguu ukazama, winchi ikainama, jiwe likayumba likakubana ukutani. Ulimwita mama yako mara moja. Basi.

Tulikupeleka kwenu Matondoni. Jeneza nililibeba zamu yangu. Walipokuswalia nilibaki nje na viatu vya watu.

Polisi walipokuja, msimamizi alisema ulisimama mahali pabaya. Wakaniuliza mimi kama niliona ishara yako. Nikasema sikuiona. Tangu hapo mji mzima ukasema marehemu alijitakia.

Nilingoja mkeo Bi Khadija atoke eda, nikaenda nikamweleza yote mbele ya kaka yako. Mkeo akasema, "Athman alikuwa akinambia, akiwa na Mutua kwenye winchi hana khofu."

Hakunilaani. Afadhali angenilaani.

Jumatatu nilirudi kituoni nikaandikisha kauli upya: ulituonya, ukatoa ishara, nikaiona. Jana msimamizi alinifukuza kazi. Askari wamenikataza kutoka kisiwani humu. Huenda tukashtakiwa, yeye na mimi. Kaka yako alikuwapo kauli iliposomwa. Alilia, akasema sasa wanao wataambiwa kuwa baba yao hakukosea.

Sikuombi msamaha. Sina uso wa kuomba. Ila nakuahidi, nifungwe au niachiwe, atakayeniuliza habari zako nitamjibu hivi hivi nilivyokuandikia, hata akiwa mwanao, hata akiniuliza nimeshazeeka.

Mungu akulaze pema, Athman. Kwaheri.

Mutua