Plagini Iliyonyoosha Sauti ya Shangazi

Jumapili, Walthamstow

Bora ningeiacha ilivyokuwa.

Shangazi alipokuja kututembelea huku ughaibuni mwaka jana nilimrekodi chumbani kwangu, mablanketi yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Aliimba taarabu mara moja tu, akacheka, akaomba chai. Tangu alipofanyiwa upasuaji wa koo huko Unguja haimbi tena. Hata kuzungumza ananong'ona.

Nami wiki tatu nzima nilikuwa nachagua plagini, zile programu ndogo za kompyuta za kurekebisha sauti, natazama video za watu wanaozisifu. Hii inanyoosha sauti, walisema. Ikanyoosha kweli. Kila pale shangazi alipoitelezesha sauti katikati ya noti mbili, pasipo na kitufe kwenye piano, ikamvuta hadi kwenye noti ya jirani. Mimi mjinga nikaona nimemsafisha. Nikahifadhi, na ile rekodi ya mwanzo nikaifuta kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa.

Kuifuta! Nani hufanya hivyo?

Leo mchana nimempigia simu, nikamwekea asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nzuri, mwanangu," akanong'ona. "Huyu binti anaimba vizuri. Sasa nipigie yangu."

"Hii ndiyo yako, shangazi."

Nilitaka kumwambia kwamba ile ya mwanzo ninayo, nitamtumia kesho, lakini sikuweza kumdanganya.

"Haya," akasema. "Watoto hawajambo?"

Afadhali angenitukana.