Namlipa Aoshe Vyombo Safi

Mpendwa mshauri,

Nina umri wa miaka themanini na mbili, daktari anasema moyo wangu hautavuka msimu wa mvua, na kabla haujasimama naomba unisaidie katika jambo ambalo siwezi kumuuliza kuhani wetu, kwa kuwa kuhani wetu naye anaishi jengo hili hili, ghorofa ya pili, na ana mfanyakazi.

Nilifundisha takwimu chuoni hapa Pune mpaka nikastaafu, na tangu hapo mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi, na kamati yetu, kama za majengo mengi, ndiyo inayopanga bei za akina mama wanaotusafishia nyumba. Kila kazi ina bei yake ya mwezi: kufagia na kupiga deki ni rupia elfu moja na mia mbili, kuosha vyombo elfu moja, kufua kuna bei yake, na choo hakimo kabisa kwa sababu kwa choo huja mtu mwingine, ambaye hakuna anayekumbuka bei yake ilipangwa na nani. Bei hizo zimebandikwa kwenye lifti, chini ya tangazo la kukataza kutema mate, na mkazi akilipa zaidi anaitwa kikaoni kujibu shtaka la kuharibu soko. Sheria hiyo niliiandika mimi.

Soko lenyewe nalijua vizuri. Ng'ambo ya barabara, kwenye maghorofa mapya ya vijana wa kompyuta, sakafu ile ile inalipwa karibu mara mbili, kwa kuwa vijana wale hawajui bei na wanaona aibu kuuliza. Wanaoletwa na wakala wakiwa na sare hulipiwa zaidi, ila wakala anabaki na sehemu yake. Anayeanza kazi leo hulipwa zaidi kuliko aliyezoeleka, maana mgeni hutaja bei na mwenyeji huona haya. Na wanaokaa kwenye vibanda vya mabati nyuma ya ukuta wetu hulipwa pungufu ya wanaokuja kwa basi, kwa hoja kwamba hawana nauli. Niliwahi kuchora grafu ya mambo haya. Ilikuwa grafu nzuri.

Sasa niseme habari za Vanita. Amesafisha kwangu tangu mke wangu Sumati akiwa hai, na baada ya msiba aliniambia, huku anakamua tambara la deki, kwamba binti yake amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na kwa bei ya lifti itabidi atuache aende ng'ambo ya barabara. Sikutaka aondoke. Sitasema ilikuwa huruma, kwa sababu nakaribia kufa na uongo hauna tena faida. Ni kwamba anajua vitu viko wapi na haniulizi. Lakini kumpandishia bei ya kufagia kungekuwa kuvunja sheria yangu mwenyewe, hivyo sikuipandisha, nikamwandikia kazi ya pili, ya kuosha vyombo, kwa bei halali kabisa ya kamati. Mimi sipiki. Chakula changu huja mchana katika mkebe wa ngazi tatu, kutoka kwa mama mmoja anayepikia wagane na wanafunzi, na mkebe unarudi kwake kuoshwa. Nyumba yangu haina chombo kichafu isipokuwa kikombe kimoja cha chai.

Mwezi wa kwanza Vanita alipokea pesa, akazihesabu, akauliza, "Babu, hii ya vyombo, vyombo gani?"

"Kikombe," nikamjibu.

"Kikombe nakiosha tangu zamani, bure."

"Basi sasa kina bei."

Alinitazama kama mtu anayepima iwapo mzee ameanza kupoteza kumbukumbu. Kesho yake nikasikia kelele jikoni. Alikuwa ameteremsha vyombo vya shaba vya Sumati kutoka rafu ya juu, sufuria, sinia, bilauri, vyote, anavisugua kwa ukwaju ili shaba ing'ae, vyombo ambavyo havikuwa vimeguswa na chakula tangu msiba. Nikamwambia aache.

"Mimi sili pesa ya kazi ambayo sijaifanya, Babu. Kama hutaki nioshe, ipunguze."

Sikuipunguza. Basi kila asubuhi anaviteremsha, anaviosha, anavianika barazani, anavirudisha juu. Bi Limaye, mweka hazina wetu, ambaye anakaa chini yangu, aliwahi kunikamata kwenye lifti. "Mwenyekiti, mnapika nini huko kila siku? Harufu hatuisikii, tunasikia makelele tu." Nikamwambia ni chakula cha wagonjwa wa moyo, hakina harufu.

Tumeishi hivyo miaka mingi, Vanita akiwa amekula kiapo kwamba hatamwambia mtu, na binti yake sasa ni muuguzi, na mimi nilijiona mtu mwema kwa kiasi. Kisha mwaka huu akina mama wa jengo zima walikuja kikaoni kuomba bei ya sakafu ipande, wakiongozwa na Rukmini, anayesafisha ngazi zetu pamoja na nyumba tano. Waliongea wakiwa wamesimama, maana viti ni vya wakazi. Bi Limaye aliwasikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu.

"Mimi nina swali moja," akasema. "Nyumba ya mwenyekiti ndiyo kubwa kuliko zote, na analipa bei hii hii. Mbona Vanita hajawahi kulalamika? Vanita, una shida?"

Ukumbi wote ukamgeukia. Vanita akanitazama mimi. Mimi nikatazama ajenda.

"Sina," akasema.

Ombi likakataliwa, na sahihi ya kulikataa ni yangu. Wakati wanatoka, Rukmini alimwambia Vanita bila kushusha sauti, "Mama mdogo, huko juu unalishwa nini?" Tangu siku hiyo hawamsubiri tena getini. Zamani walikuwa wanarudi pamoja, kundi zima, wakitusengenya mpaka kona ya muuza maziwa, nami nilikuwa nawasikia kutoka barazani na mara nyingi walikuwa sahihi. Sasa anatembea peke yake, wao mbele.

Kikao cha mwaka ni mwisho wa mwezi huu, na bei itakayopita itakaa miaka mitatu, muda ambao mimi sina. Nikisema ukweli, wenzake watajua kwamba alikuwa anapata mara mbili wakati wao wanaomba, watasema alikula peke yake, nami nitakufa nimwache na maneno hayo. Nikinyamaza, wao wanabaki na bei ile ile, na mimi nikiondoka Vanita naye anarudi kwenye bei hiyo hiyo, tena bila rafiki. Nimemuuliza yeye anataka nifanye nini. Akasema, "Kwanza meza dawa."

Nifanye nini?

Mwenyekiti,
Pune

MSHAURI ANAJIBU

Mwenyekiti, kwanza fanya alivyosema Vanita, meza dawa. Kikao ni mwisho wa mwezi na unatakiwa uwepo.

Pole kwa moyo, na pole kwa Sumati, ambaye nadhani asingekubali mambo haya yafike jikoni kwake. Binti wa Vanita ni muuguzi, na mkono wako umo humo. Hilo nalihesabu na silifuti. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikitafuta mahali ulipowaza kuifuta bei ya lifti, ambayo uliiandika kwa kalamu yako mwenyewe. Sikupaona. Nimeona grafu. Ulikuwa unajua kila sababu inayofanya mtu mmoja alipwe hivi na mwingine vile kwa sakafu ile ile, ukasahau kuandika sababu moja, kwamba wapo wanaolipwa kidogo kwa kuwa kamati imekubaliana iwe hivyo. Mwanamke wa watu amesugua shaba safi miaka yote hii ili karatasi yako isionekane imekosea.

Unasema unaogopa kumwaibisha Vanita. Vanita ameshaaibishwa, mbele ya ukumbi mzima, siku uliyotazama ajenda. Anayeogopa aibu ni wewe. Hofu hiyo naielewa, kila mtu angependa kufa akiwa na jina zuri kwenye lifti, lakini usiiandike kwa jina lake.

Sikiliza sasa. Kabla ya kikao mwite Vanita, akae kwenye kiti, asiwe ameshika tambara, na umfungulie kiapo. Siri ilikuwa yako, ulimbebesha tu. Mpe nafasi awaambie wenzake mwenyewe, kwa maneno yake, njiani au getini, kabla hawajaisikia kutoka meza ya mbele. Rukmini atamtukana kidogo. Hilo haliepukiki, na nadhani watalimaliza kabla ya kona ya muuza maziwa. Akikataa kusema, basi jina lake lisitajwe kikaoni hata mara moja. Una la kusema bila yeye.

Na la kusema ni hili: "Mimi, mwenyekiti wenu, nalipa rupia elfu mbili na mia mbili kwa kufagia na kupiga deki. Kazi ya vyombo niliizua." Usilipambe. Usitaje moyo wako, watakuonea huruma na kuahirisha. Hiyo elfu mbili na mia mbili ndiyo bei ya kweli ya sakafu katika jengo lenu, kwa sababu ndiyo uliyolipa siku ulipoogopa kuachwa, na Bi Limaye aliyemtumia Vanita kama ushahidi hatakuwa na ushahidi tena. Grafu nayo uje nayo. Hatimaye imepata kazi. Agiza viti viongezwe, akina mama wakae. Na mtu wa choo aitwe, bei yake iandikwe naye akiwepo. Ukishindwa kwenye kura, bandua karatasi kwenye lifti ukiwa bado mwenyekiti, kila mama ataje bei yake mlangoni kama wanavyofanya ng'ambo ya barabara.

Mwezi huu mlipe Vanita pesa ile ile, yote kwa sakafu. Ya vyombo sifuri. Hapo ataacha kuviteremsha bila kubembelezwa.

Lakini avitie mkono mara moja zaidi, safari hii kwa kula. Jumapili kabla ya kikao, pika. Wali na dengu vinakutosha, na vikiungua viache viungue. Mkaribishe Vanita, na Rukmini kama atakubali, wale mezani katika sahani za Sumati, nawe ule nao. Bi Limaye akisikia harufu na kuuliza, safari hii mjibu ukweli.

Wakishaondoka, vyombo uvioshe wewe. Weka kiti karibu na sinki, usisimame. Kama hujui ukwaju uko wapi, muulize Vanita kabla hajashuka ngazi.