Meli Tuliyoikosa Kisiwani

Baba Salma wangu,

Eda yangu imeisha jana. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani ya fleti yetu hapa Woodbridge, Marekani, sina manukato wala wanja, na kila aliyekuja kunipa pole nilimjibu alhamdulillahi. Leo hakuna mgeni. Acha nikwambie ukweli wewe mwenyewe: alhamdulillahi ile ilikuwa ya mdomoni tu.

Lakini nianze na Ugiriki, maana nikianza na siku ile sitafika mbali.

Wewe na kalenda yako! Uliiona kwa kinyozi wako Bladensburg, nyumba nyeupe na bahari ya buluu, ukaisimulia miaka nenda miaka rudi, mpaka mwanao Salma akachoka, akatukatia tiketi za Februari. Asubuhi moja tukapanda meli pale Athens, twende kisiwani na jioni turudi. Tulipoteremka nilicheka mpaka nikakaa chini. Mawingu matupu, viti vimepandishwa juu ya meza, milango imefungwa, paka wanatukodolea macho.

"Ndiyo kalenda yako hii?"

"Mama Salma, kalenda hawapigi picha Februari," ukasema, wala huna wasiwasi.

Mkahawa uliokuwa wazi ulikuwa mmoja tu, wa bibi mmoja mwenye gauni jeusi. Yeye hajui Kiingereza, sisi hatujui Kigiriki. Akatukaangia samaki wadogo wadogo, ukawala na miba yao, ukalamba vidole bila haya. Kisha tukatembea ufukweni, hakuna zamu ya kuwahi, hakuna simu. Ukanishika mkono, mchana kweupe! Nikageuka kutazama nyuma, watu wa kwetu wasije wakatuona. Watu gani, jamani, kisiwa kile?

Tulipoaga, bibi akatoka na mfuko wa machungwa, akatusindikiza mpaka gatini. Meli tunaiona inakuja. Na wewe, mtu usiyeweza kumwacha mtu aende peke yake, ukasema haiwezekani, mama mtu mzima hawezi kupanda kile kilima bila mtu. Ukamshika mkono, ukamrudisha kwake.

"Baba Salma, meli!"

Ukanipungia mkono tu. Uliporudi unahema, meli ilikuwa imeshang'oa nanga, na iliyofuata ilikuwa baada ya saa mbili.

Nilikununia. Saa mbili nzima kwenye benchi, baridi inanitafuna. Ukamenya chungwa, ukanipangia vipande mapajani, ukasema, "Si tumeongezewa saa mbili?" Nikageuza uso. Mjinga mimi. Leo ningepewa hata robo saa ya zile, ningekula chungwa lile na maganda yake.

Ndivyo ulivyokuwa. Mgeni akitoka kwetu, unamfuata mpaka kwenye gari, unasimama na kandambili kwenye theluji mpaka apotee. Mimi nami nilikusindikiza wewe kila asubuhi ukienda kwenye lindo lako Sterling, ngazi zote mpaka chini. Kila asubuhi isipokuwa moja.

Siku ile tuligombana kwa upuuzi. Umesahau tena kununua nazi, na mimi nina wageni wa pilau na samaki wa kupaka. Ukasimama mlangoni umeshavaa viatu.

"Hunisindikizi leo?"

"Njia unaijua," nikasema, wala sikugeuka kutoka jikoni.

Nikasikia unashuka polepole. Saa sita mchana wakanipigia simu kutoka kazini kwako. Moyo, walisema.

Njia unaijua! Neno langu la mwisho kwako, Baba Salma. Na siku ya maziko wanaume wakakubeba, sisi wanawake tukabaki nyumbani kama ada yetu, mimi nimesimama dirishani. Ikawa mara ya pili umeondoka bila mimi. Nisamehe. Sijui kama huko linafika, lakini nisamehe.

Leo asubuhi nimetoka kwa mara ya kwanza. Salma ameshakwenda kazini. Nimevaa koti lako, nikashuka ngazi zote kumi na nne, nikaenda mpaka pale ulipokuwa unaegesha. Kuna gari la mtu mwingine. Nikasimama hapo hapo, nikasema kwa sauti, "Haya, Baba Salma, uende salama." Jirani alinitazama, mwache anitazame.

Halafu nikasubiri. Sijui nilisubiri nini. Wewe hukumwacha hata bibi wa Kigiriki apande kilima chake peke yake.

Nilipoona baridi imezidi, nikapanda mwenyewe.

Mkeo, aliyekununia na anayekupenda,
Mama Salma