Stripi za Juu ya Moto

Jumatatu, 9 Juni 2025

Ukungu tangu alfajiri. Mama anasinzia tena, kichwa ukutani. Nimempima: tatu nukta sita. Mashine inasema sukari iko chini. Basi sindano ya insulini nimeiacha, chai nimeitia vijiko viwili. Kama jana. Kama juzi. Lakini mtu wa sukari ya chini akinywa chai tamu huchangamka. Mama hachangamki.

Nimeanza makala dhidi ya wanaotuletea vipimo vilivyotengenezewa nchi zenye hewa kavu, kisha wanashangaa vikiharibika hapa Konoin. Aya ya kwanza ni kali. Ya pili haiji.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kugombana na duka la dawa. Nilibeba kopo la stripi za kupimia sukari kama ushahidi. Moureen, binti wa kaunta, akaligeuza.

"Mwalimu, hii inaisha mwaka ujao. Kwani mnaziweka wapi?"

Nikamwambia mteja haulizwi hivyo. Nikaomba kopo jipya – zimeisha, mpaka Jumamosi. Njiani swali lake likaniwasha.

Nyumbani nikamuuliza Mama. Akanionyesha juu: tabut, dari ya juu ya moto, penye mbegu za mahindi.

"Mbegu zinakaa hapo mpaka mvua, haziingii koga. Hizi stripi zako ndiyo nini, zimeshinda mbegu?"

 Unyevu aliukwepa kweli. Lakini joto! Kila stripi imepakwa kimeng'enya, na hicho ndicho kinachogusa sukari ya damu. Joto likikidhoofisha, kinahesabu pungufu. Na mimi ninaacha sindano.

Alhamisi, 12 Juni

Usingizini nilikumbuka stripi za Ogada. Kijana huyu amekulia Mogogosiek, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Sasa yuko maabara ya chuo kikuu. Anachanganya kimeng'enya na aina ya sukari inayokishikilia kikikauka, ili kivumilie joto. Sukari kulinda kipimo cha sukari – nilicheka aliponieleza. Mwezi wa kwanza aligawa makopo na vimashine vyake nyumba kadhaa, akasema tuviweke tunavyoweka vitu vyetu. Baada ya miezi sita avikusanye.

Kopo la Mama liko wapi? Tabut.

Nikapima kwa zote mbili. Kidole kimoja, damu moja. Ya dukani: tatu nukta nane. Ya Ogada: ishirini na mbili.

Nikampigia.  "Auntie, hizo ni za utafiti tu. Usidunge kwa hiyo namba. Mpeleke hospitali."

"Kwa hivyo wewe mwenyewe huiamini kazi yako?"

 Akasema akiiamini na akakosea, atakayekufa ni mama yangu, si wake.

Miaka mingi nimeandika kwamba tuwaamini wataalamu wetu, tuache kupigia magoti vya kuletwa na meli. Leo nimeshika sindano na sijamdunga. Kama namba ya Ogada ni ya uongo nami nimdunge, sukari itaporomoka na hataamka. Kama ni ya kweli nami nisimdunge, mwisho ni uleule, polepole tu.

Nimeirudisha mezani. Nimemwambia Mama twende hospitali ya Kapkatet.

"Kesho ni siku ya kuchuma chai. Na mashine ya duka inasema niko sawa. Ama unatafuta makala?"

Alicheka peke yake. Kisha akalala akiwa amekaa.

Ijumaa, 13 Juni

Amekataa tena. Hana nguvu ya kuvaa viatu, ana nguvu ya kukataa. Jonah, ndugu yangu, anakuja na gari. Nimemwambia tutambeba, hata akituapiza.

Nikaenda kuchukua ndoo yake ya mkojo wa usiku niimwage nyuma ya nyumba. Rodah wa jirani, anayemsaidia, alikuwa ameshaitoa na kuiacha chini ya ua.

Sisimizi. Mstari mweusi kutoka kwenye majani ya chai mpaka kwenye ndoo, juu ya ukingo, ndani. Wamejaa kama kwenye chupa ya asali. Mkojo mtamu hivi si wa mtu wa tatu nukta nane.

Mama ananiita mlangoni, ameshikilia fremu. "Chepkirui, unaangalia nini huko na hiyo ndoo?"

 Nimeingia kwa mlango wa jikoni, ninaandika nimesimama. Gari la Jonah silisikii bado. Sindano iko mezani palepale, na Mama anauliza mara ya pili.