Nilimtania Mume Wangu, Sasa Hataki Dripu

Bi Justa mshauri, siji kwako kuomba huruma, huruma ninayo yangu tele. Naomba akili, maana hii ya kwangu nimeitumia mpaka imefika ukingoni. Barua naandika kwa mkono wangu mwenyewe, nilijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, herufi zinakwenda upogo lakini zinasomeka, kwa hiyo usije ukasema hukuelewa. Na jina langu lichape, sijaiba kuku wa mtu.

Mume wangu Mzee Dadi ana saratani ya tezi dume. Ilijulikana imeshachelewa, imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga, kwa sababu miaka miwili alikuwa anahangaika na mkojo, nikimuuliza anasema ni uzee, na mimi mpumbavu nikakubali. Madaktari wa Dar hawakutuficha, walisema haitaondoka ila inaweza kufungwa kamba isikimbie, wakamwanzishia sindano ya kila miezi mitatu, na baadaye dripu za kemo, moja kila baada ya wiki tatu, zikitimia sita wanampima tena. Ameshamaliza nne. Tunatoka hapa Kikole, tunapanda basi Nangurukuru, tunafikia Dar kwa binti yetu Magdalena, maana ameolewa na kubatizwa hukohuko Mbagala na mimi nimeshalizoea hilo jina, anapewa dripu, tunapumzika siku mbili, tunarudi.

Bi Justa, usifikiri mimi mwanamke wa kukaa na mgonjwa huku nimeshika tama. Dripu ya kwanza nywele zilipoanza kudondoka nilimnyoa mwenyewe kwa wembe mpya, akajitazama kwenye kioo akasema, "Umi, umepata mume mpya na mahari hujarudisha," tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ulimi wake ukawa hauonji, anasema kila chakula kama amelamba sufuria, nikaacha samaki maana harufu inamtapisha, nikawa nampa uji wa ulezi kidogo kidogo na embe bichi la chumvi, akala. Vidole vimekufa ganzi, vifungo nafunga mimi, kuoga namwogesha mimi. Dripu ya pili siku ya nane alipata homa, nikasema hii malaria, nikanunua dawa dukani, nikamfukiza na majani, siku mbili, kumbe damu yake haikuwa na askari hata mmoja, alilazwa siku sita na daktari akanigombeza mbele ya wauguzi. Nilinyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza, lakini alikuwa na haki. Tangu hapo nimenunua kipimajoto na hata mjukuu mwenye mafua haingii chumbani.

Sasa kosa lenyewe, kama ni kosa. Mimi na Dadi ni mabinamu, mama yake ni shangazi yangu, tulitaniana kabla hatujaota meno ya ukubwani, tumeoana tukiwa tunataniana, miaka arobaini na mitatu hakuna siku aliyoniita jina zuri. Kikongwe, mchawi, jino moja, hayo ndiyo majina yangu. Na mimi namjibu. Kwetu binamu hamkasirikii binamu, ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu.

Ijumaa moja wakaja wenzake wa msikitini kumjulia hali, Hussen ambaye waliingia jandoni pamoja, na Haruna, na wengine wawili. Wamekaa barazani na yeye, na mimi nawaletea kahawa. Ghafla lile joto likampanda, maana siku hizi linampanda mara sita, mara saba, jasho linamtiririka kifuani hata kukiwa na upepo, akavua kofia, akavuta kanzu shingoni, akashika kipepeo akawa anajipepea. Haruna akauliza, "Binamu yako ana homa?" Mimi nikasema, "Homa wapi! Mwacheni, ameingia ukomo wa hedhi huyo, hayo ndiyo ya kwetu wanawake, keshokutwa namfunga kanga ya kifuani maana na matiti yameanza kuota." Wakacheka. Hussen alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Dadi naye akacheka kidogo, akainuka taratibu, akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi akaniambia, "Bi Umi, tafadhali, mwambie Magdalena asihangaike, dripu ya tano siendi. Nilizaliwa mwanamume, nitazikwa mwanamume."

Umesikia? Bi Umi. Tafadhali. Hajawahi kuniambia tafadhali tangu anioe! Sasa ni wiki nzima, kila nikimpa maji ni ahsante Bi Umi, nikimfunga kifungo ni samahani kwa usumbufu, kama mgeni aliyelala kwetu kwa kukosa basi. Namtania harudishi. Nilimwita kichwa boga, akasema, "Ni kweli." Mgongo umeanza kumuuma tena na dripu ilikuwa imeutuliza, naona anavyoinuka kitandani, na dripu ya tano ni Jumanne ya wiki ijayo.

Mwanangu Magdalena ananiambia kwenye simu niombe radhi. Mimi nasema utani hauombewi radhi, ukiuombea radhi leo umesema ule wa miaka yote ulikuwa matusi. Na isitoshe, mimi joto hilo lilipokuwa langu, yeye aliwaambia watu msibani kwamba mkewe amemeza jiko la mkaa, na sikususia chakula. Basi mimi nimekosa nini? Nisipoomba radhi haendi, nikiomba nimeua kitu chetu pekee ambacho maradhi hayajakigusa. Nifanye nini?

Bibi Umi, Kikole

*

Shikamoo Bibi Umi. Naamini umeitikia, kwa hiyo ruhusa ninayo.

Kwanza nikupe haki yako. Kunyoa, uji, kipimajoto, mjukuu wa mafua kukaa nje, hayo wanayashindwa watu waliosoma. Endelea. Homa ikifika nyuzi thelathini na nane, au akitetemeka kwa baridi hata kabla ya kipimo, safari ni ya hospitali saa hiyohiyo, si ya dukani, na ukifika sema neno kemo kabla hujasema jina lake. Hilo ulishalilipia, sirudii.

Sasa nikugombeze. Bibi, nyinyi wawili mmeihukumu dawa isiyo na kosa. Nilimsomea barua yako muuguzi ninayemwamini, aliyewahudumia wagonjwa wa namna hii miaka mingi, akaguna. Lile joto kwa kawaida halitoki kwenye dripu. Linatoka kwenye sindano ya miezi mitatu. Saratani hii inakula homoni ya kiume, hiyo ndiyo riziki yake, na sindano inaikatia riziki. Ikikatika, mwili wa mwanamume unapata joto, jasho, matiti kujaa, na hamu ya ndani kupungua. Dripu kazi yake ni nyingine, inaifukuza saratani huko kwenye mifupa, na wewe mwenyewe umesema mgongo ulitulia. Kwa hiyo Mzee Dadi ameikataa dripu kwa kosa la sindano, na siku ya sindano ataipokea bila neno. Nani alimweleza? Huenda alielezwa siku ile ya habari mbaya, na siku ile hakuna anayesikia kitu. Piga namba iliyo kwenye kadi yake ya kliniki, leo, uombe azungumze na daktari au muuguzi mwenyewe, si wewe umsemee. Aulize juu ya joto, zipo njia za kulipunguza. Aulize na ganzi ya vidole, maana wakati mwingine hupunguza kipimo cha dripu kwa sababu hiyo, na ukiificha hawawezi kujua. Na hata akiwa amenuna, kama alipewa vidonge vya kumeza pamoja na dripu, asivikatishe mwenyewe ghafla. Hilo nalo aulize.

Tuje kwenye utani. Umenipigia hesabu za ubinamu ukidhani nitashindwa. Sikatai, utani hauombewi radhi. Lakini yale ya barazani hayakuwa utani. Mtani anarushiwa neno, naye analirudisha, ndiyo mchezo. Wewe ulimrushia kitu asichoweza kurudisha. Angejibu nini mbele ya Hussen? Afungue kanzu waone kwamba matiti hayajaota? Matiti yale ulikuwa unayajua wewe kwa sababu ndiwe unayemwogesha. Alikuacha uone mwili wake kwa kuwa hana nguvu ya kujificha, ukautoa barazani pamoja na kahawa. Hiyo ni siri ya mgonjwa, Bibi Umi. Utani hauombewi radhi. Siri ikitolewa huombewa.

Na habari ya jiko la mkaa msibani, usinidanganye mimi. Kama haikukuuma, usingeikumbuka mpaka leo na mahali aliposemea. Alikosa yeye siku ile, hakuna aliyemwambia. Wewe nakuambia.

Basi fanya hivi. Mchana, akiwa ameshiba na maumivu yamepoa, funga mlango, kaa chini mkekani ulingane naye, useme, "Dadi, nilitoa siri ya mwili wako mbele ya watu. Hilo nimekosa." Usiongeze kitu. Usieleze, usicheke, usitaje jiko. Akinyamaza nawe nyamaza, umesema mwenyewe si kawaida yako, ujifunze. Kisha mweleze habari za joto kama mtu aliyepita njia hiyo: ulivaa nguo gani, ulilalaje, chai ya moto ilikufanyaje, na kwamba lilipokujia wewe hukuacha kuwa mwanamke, basi na yeye nani amemwambia ameacha kuwa mwanamume? Hakuna mtu Kikole nzima anayeijua shule hiyo kukushinda, na umeitumia kuchekesha watu.

Hussen na Haruna wafuate wewe kwa miguu yako. Waambie yaliyosikika barazani kwako yaishie hapo.

La mwisho ni gumu. Huenda atasikia yote, atazungumza na daktari, atakusamehe, na bado atasema dripu imemtosha. Mwili ni wake, na dawa hii haimponyi, inamwongezea muda na kumpunguzia maumivu, na mtu mzima ana haki ya kupima kipi kinamlipa. Akisema hivyo kwa kujua, hutamburuta wala hutamlilia Magdalena amshike mkono. Lakini asikatae kwa hasira ya Ijumaa moja, na asikatae kwa kukaa nyumbani. Akakatae kule kule, mbele ya daktari, ili apewe dawa nyingine za maumivu na mjue mnakwenda vipi kuanzia hapo. Na wewe uwe kwenye kiti cha pembeni yake.

Kwa hiyo akikubali mnasafiri, akikataa mnasafiri. Kata tiketi mbili.