Binti Peku

Escalante, Jumanne

Kaka Verl,

Nyonga inaniuma kidogo tu, na pichi zako nimeshazitia kwenye chupa.

Jana alikuja Brody, mmoja wa wale vijana wakaidi niliokuwa nikiwapeleka jangwani kunyooshwa tabia kwa matembezi magumu kabla sijastaafu. Sasa ni mtu mzima.

“Bi LaRue, wewe ndiye uliyeninyoosha,” akasema. “Ninyooshee na huyu.”

Binti yake, Kenzie, alikuwa garini, peku kwenye baridi hii.

“Viatu vyake viko wapi?”

“Nimevificha asitoroke. Si ndivyo mlivyotufanyia?”

Alitabasamu kama anayeshukuru, kaka. Nilimwambia nimezeeka, jangwa siliwezi tena. Akasema basi atampeleka mwenyewe. Hapo nikaogopa zaidi, nikadanganya: “Niachie. Nitampeleka.”

Sitampeleka. Yuko jikoni, amevaa soksi zako. Baba yake anarudi Ijumaa, na akijua nimemdanganya sijui atafanya nini. Jirani anakuletea barua hii. Tafadhali fika hapa kabla ya Ijumaa.

Nilitaka kufunga mlango, lakini mtoto aliposikia ufunguo alianza kutetemeka. Kwa hiyo nimeuacha bila kuutia ufunguo, nami nimekaa hapa nikiitazama barabara.

Dada yako,
LaRue