Hii Mtoto Yangu

Timbwani, Likoni
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa mdogo wangu Jafar,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, joto la Doha halijakumaliza, na kile kifua kilichokusumbua Ramadhani kimepoa. Sisi huku hatujambo alhamdulillahi, ila Ami Rashad hali chakula sawasawa, na sababu unaijua. Utashangaa kuona nimekuandikia kwa mkono ilhali simu zipo. Kwenye simu ungenikata kabla sijamaliza, na karatasi huwezi kuikata. Sabah anasafiri kuja huko Alhamisi, nimempa yeye akuletee.

Habari za safari ya Mumias ya kukuposea Nanzala nilikupa robo tu, na robo yenyewe si safi. Leo nakupa zote.

Lile gari ulilotukodia, Mungu akulipe kwa nia yako, lilinitia kinyaa tangu tulipolichukua Changamwe. Viti vilinuka dagaa na manukato, nadhani mtu alimwaga moja kulifunika jingine. Chini ya kiti changu nilikuta mfupa wa kuku umekauka. Mwenye gari akaapa wallahi limeoshwa jana yake. Jirani yetu Masha ndiye aliyeshika usukani, Ami akakaa mbele, mimi nikakaa nyuma na leso puani. Wewe ulisema tusipande basi, tukodi gari, ili Ami ambaye hajavuka Voi maisha yake yote aione nchi yake. Basi aliiona. Tsavo alimsimamisha Masha akashuka kuwatazama ndovu wekundu kwa vumbi, akavua kofia akasema Subhanallah mara nne. Bonde la Ufa alisimama tena, akaomba kila aliyepita amfundishe salamu ya kwao. Kufika Kericho alikuwa na salamu za makabila matano, na zote anazichanganya.

Mimi hata kushuka sikutaka. Vyoo vya njiani, Jafar, sivisemi. Chai wanaipika kwa maziwa matupu, ina utando juu kama ngozi, nikaiona ikinitazama. Na lugha ndiyo iliyonichefua zaidi. Nakuru mhudumu alituambia chai iko na maandazi iko. Nikamwambia maandazi yapo, mwanangu, yapo. Akacheka, akaleta maandazi. Kericho nilitoa penseli ya wanja mkobani nikasahihisha bango la mkahawa, mwenyewe akiniangalia mlangoni. Ami akaniuliza kama nilikuja kula au kusahihisha. Nikasonya, nikarudi garini. Mambasa tumezaliwa na lugha hii, ndivyo nilivyojiambia, na miaka kumi na tisa naifundisha. Nani mwenye haki zaidi yangu.

Kwa kina Nanzala tulifika Jumamosi, baada ya adhuhuri. Walikuwa wametandika mikeka, wazee wa mtaa wamevaa kanzu zilizopigwa pasi zikasimama. Nanzala alikuwa ametangulia siku nane, alichukua likizo kule zahanati ya Changamwe. Mamake ni mwanamke mwembamba, mkulima wa miwa, anazungumza lugha ya kwao tu. Kwa kuwa mumewe alishafariki, ilikuwa yeye ndiye wa kusimama na kutukabidhi binti yake kwa maneno, kisha wazee wapange siku ya nikaha. Aliambiwa aseme kwa lugha yake, atatafsiriwa. Akakataa, akasema wageni wake wametoka mbali na yeye atasema kwa lugha yao. Nanzala ameniambia baadaye kwamba wiki nzima alikuwa akijifunza jikoni peke yake. Nanzala aliyasikia makosa na hakuyagusa, kwa sababu yalikuwa maneno ya mamake.

Tulipokwisha kula akasimama, akajifunga leso vizuri, akasema, "Hii mtoto yangu, mimi nimeipatia nyinyi."

Mimi nilikuambia kwenye simu kwamba hapo Ami alimkosoa yule mama mbele ya watu, wenyeji wakaudhika, na mambo yakasimama. Ukakata simu. Ni mwezi wa tatu sasa hujibu hata salamu ya Ami, mtu aliyetulea sisi wawili tangu baba alipofariki.

Jafar, si Ami. Ni mimi.

Ni mimi niliyesema, kwa ile sauti yangu ya darasani, kwamba si hivyo, ni huyu mtoto wangu nimewapa nyinyi. Tena nikainua mkono, vile ninavyowafanyia darasa la tatu, ili arudie. Naye akarudia. Mwanamke mzima, mbele ya shemeji zake na wageni wake, alirudia mara mbili akakosea zote mbili, kisha akaitazama mikono yake akaketi. Maneno ya kumtoa Nanzala hayakusemwa tena. Shemeji yake akamwambia Ami kwa adabu kwamba mama amechoka, tutazungumza siku nyingine. Walitusindikiza mpaka garini, wakatupa kuku hai amefungwa miguu, heshima ya mgeni kwao. Na mimi, njia nzima ya kurudi, nililalamikia kinyesi cha yule kuku.

Tulipofika Voi ndipo nikalia. Nikamwomba Ami asikwambie. Akasema nikwambie ni yeye, maana yeye ni mzee na wewe utamsamehe upesi. Masha alisikia yote, tangu siku hiyo hanisalimii vizuri. Kinyaa changu chote cha safari ile, cha viti na vyoo na utando wa chai, kimenirudia mwenyewe, na hakuna leso ya kuziba pua.

Ijumaa Nanzala alikuja kumtazama Ami. Kasema hakukwambia ukweli wa siku ile, kauacha niuseme mwenyewe, na kwamba mamake hakuikataa ndoa. Amesema tu hatasimama tena kusema mbele ya watu wa Mambasa.

Kwa hiyo mimi ndiye nitakayesimama. Mwezi ujao shule zikifungwa tunarudi Mumias, Masha amekubali kuendesha. Kuna mwanamke anaitwa Ruth, anauza sukuma karibu na kivuko, kwao ni upande huo huo. Kila asubuhi kabla ya shule ananifundisha namna ya kumwomba mama msamaha kwa lugha yake. Ni sentensi moja tu, na kila asubuhi naikosea. Ruth hanisahihishi. Ananiitikia, kisha ananifungia mboga.

Mpigie Ami leo, kabla hujaamua la kunifanya mimi. Simu yake anailaza kando ya mto wake wa kulalia. Jirani wote wanakusalimu, na Masha pia.

Mimi dada yako niliyekukosea,
Asmaa